Msemaji Aliyeomba Maji Kwanza

Msemaji hakuwahi kuanza mazungumzo ya kikazi bila ya kuomba maji. Akiingia ofisini kwa chifu, akiingia kwa wazee wa kijiji, hata akiingia katika ukumbi ambamo wanahabari wameshapanga vipaza sauti vyao mezani, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Naomba maji." Wageni walidhani ana kiu. Sisi tuliofanya kazi naye tulijua kiu haikuhusika, kwani aliweza kushinda kutwa juani kwenye mabwawa ya chumvi asiguse chupa. Alichokuwa akiomba ni kibali. Nyumba iliyokupa maji, alisema, imekubali kukusikiliza, na iliyokunyima usijichoshe kuihubiria.

Namwita Msemaji kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu, kuanzia bawabu wa langoni mpaka mwenye mali. Mlangoni kwake paliandikwa Mkurugenzi wa Mawasiliano, ila sidhani kama kuna aliyeyasoma maneno yale zaidi ya fundi aliyeyaandika. Kampuni ilikuwa ya chumvi, kaskazini mwa Malindi. Mimi nilikuwa chini yake, kazi yangu kupiga picha na kuandika taarifa ambazo yeye alizifuta. Nilimpenda yule mama, na sioni haya kulisema hilo mapema, ili atakayeona nimemsifu kupita kiasi ajue sababu.

Tulikuwa watani. Mimi ni mtoto wa mji wa kale wa Malindi, niliyelelewa kwamba jambo haliingiwi moja kwa moja, hubishiwa hodi. Yeye ni Mgiriama wa Kaloleni, na kwake jambo lilisemwa likaisha. Nikimpelekea karatasi aliisoma amesimama, kalamu mkononi.

"Mmalindi," ataniambia, "hapa umemshukuru Mungu, umewashukuru wazee, umeshukuru na mvua. Chumvi iko wapi?"

"Inakuja, mama. Ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili utausoma wewe na mkeo."

Alikata mistari bila huruma, na kilichobaki kilikuwa kifupi na, ingawa inaniuma kukubali, kizuri zaidi. Hakusifu. Taarifa ikimridhisha alikurudishia akakuuliza umekula nini mchana. Ilinichukua muda mrefu kung'amua kwamba swali lile ndiyo sifa yenyewe, na tangu siku hiyo nikawa nalisubiri kama mshahara.

Ukoo wake sitausimulia, kwa kuwa si wangu na yeye mwenyewe hakupenda kuusimulia. Ila babake hana budi kutajwa, maana bila ya yeye Msemaji hafahamiki. Mzee alikuwa mshenga, yule mtu anayetumwa na upande wa bwana harusi kwenda kuposa, na ambaye huzungumza wakati wazazi wenyewe wamenyamaza. Kutoka Kaloleni mpaka Rabai hapakuwa na mji mkubwa, yaani boma la ukoo, ambamo hakuwahi kukaa kitini na kibuyu cha tembo la mnazi miguuni, kile wanachokiita kadzama, kinachofungua mazungumzo ya posa. Msemaji alipokuwa msichana alikuwa akimfuata. Wenzake walikwenda likizo kwa shangazi zao, yeye likizo yake ilikuwa kuwasikiliza wazee wakipimana maneno.

Huko ndiko alikojifunza kuomba maji. Babake hakufungua mdomo katika mji wa watu mpaka ameletewa maji akanywa, akamaliza yote, akarudisha chombo na kusema, "Ahsante mama, maji yako matamu." Ndivyo ilivyokuwa adabu ya nyumba yao. Mgeni akinyamaza baada ya kunywa, kwao ilikuwa kama aliyeinuka mezani bila kunawa.

Mzee pia alikuwa na msimamo ambao bintiye aliuleta ofisini mzimamzima: mshenga hurudi. Ukishaozesha watu hujamaliza nao. Mtoto akizaliwa utaitwa, wakigombana utaitwa, na mmoja wao akifa utaitwa vilevile. Sasa ukidanganya siku ya kwanza, siku ya pili utaingilia mlango gani? Na neno likiharibika, alisema mzee, hutengenezwa palepale lilipoharibikia, si kwa jirani.

Wakurugenzi wenzake Msemaji walikuwa na digrii zao na maneno yao ya semina, na yeye digrii alikuwa nayo, nzuri tu, ya Nairobi. Lakini mambo yakichacha hakufungua kitabu. Wafanyakazi walipogoma, mkuu wa kampuni alitaka awaandikie onyo. Badala yake alitoka langoni, akawaendea waliokuwa wameketi chini ya kibanda cha mizani, akaomba maji. Walitazamana. Hatimaye mmoja akamnyooshea chupa yake, kwa shingo upande. Alikunywa, akashukuru, akasema, "Nimetumwa. Mniambie la kupeleka, nami nitalipeleka kama lilivyo, hata kama ni tusi." Walimpa matusi mawili na madai manne, na nilimsikia kwa masikio yangu akiyafikisha yote sita kwa mkuu, kwa mpangilio aliopewa. Mgomo uliisha kesho yake.

Basi mtu atadhani nyumbani kwake kulikuwa bungeni. Kulikuwa kimya. Mumewe, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa akipiga soga na majirani. Yeye aliketi barazani akichambua mchicha, redio ikinguruma ndani ili pasiwe na haja ya mtu kuzungumza. Alichowarithisha watoto wake wawili kilikuwa sheria moja ya ajabu: hakuna aliyeruhusiwa kujitetea. Kijana akikosa, dadake ndiye aliyetumwa kuja kumsemea, na dada akikosa, kijana. Siku moja nilikuwa pale mpira ulipovunja kioo cha jirani. Msichana alikuja, mikono nyuma, akasimama mbele ya mamake.

"Nimetumwa na ndugu yangu," alisema. "Anasema hakukusudia."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimetumwa tu, mama. Lakini nilikuwepo, na alilenga."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Msemaji hakucheka. Alimwambia msichana, "Vizuri. Rudi umwambie aende kwa jirani mwenyewe." Mtoto wa nyoka ni nyoka, na leo yule binti anafanya kazi ya mamake katika kampuni kubwa Nairobi, na nasikia waandishi wanamwogopa. Kijana yeye akawa muuguzi hapa Malindi. Huwasemea wagonjwa kwa madaktari, hivyo naye hakutoka nje ya biashara ya nyumba yao.

Kuna jambo moja lililonikera kwake miaka yote. Mtu aliyeweza kumsemea kila mtu hakuweza kujisemea. Hakuwahi kuomba kupandishwa cheo. Akinyanyaswa na wakubwa aliingia ofisini, akabadilisha viatu, akatoka. Viatu alikuwa navyo vingi na vizuri, vyekundu, vya kijani, na alivibadilisha kulingana na hasira. Tulijua hali ya hewa ya ofisi kwa kutazama miguu yake.

Halafu ukaja msimu ule wa mvua kubwa, na ukuta wa bwawa moja la chumvi ukabomoka.

Maji ya chumvi yalipita katika mashamba ya kijiji kilichokuwa jirani. Wakubwa wa kampuni walisema yameteremkia baharini na visima viko salama. Walilisema hilo wakiwa Nairobi. Msemaji akatumwa kwenda kuwatuliza wanakijiji, nami nikafuatana naye na kamera yangu. Tulianzia mji wa kwanza, ulio karibu kabisa na ukuta, ambapo tulimkuta bibi mmoja akisuka makuti uani. Msemaji alimwamkia, akaketi kwenye kigogo, akaomba maji.

Bibi aliinuka bila haraka. Alichota kisimani, akamletea kwa kata ya kifuu cha nazi, akasimama mbele yake kumtazama. Msemaji alikunywa yote. Akarudisha kata kwa mikono miwili.

"Ahsante hawe," alisema, kwani hawe ndilo jina la bibi kwa Kigiriama. "Maji yako matamu."

"Haya," akasema bibi, akarudi kwenye makuti yake. Majirani wawili walikuwa wameegemea ua, wakasikia. Msemaji alijaribu kuuliza habari za mashamba, bibi akajibu, "Muulize aliyekutuma," na hakusema tena.

Tulipofika garini nilimwona ameshika koo.

"Mmalindi, yale maji hayanyweki. Ni chumvi tupu."

"Mbona umesema ni matamu?"

Alinigeukia. "Nimesema hivyo?"

Hakujua. Adabu ya babake ilikuwa imetoka yenyewe, kama mtu anavyosema bismillahi. Akafungua mlango ashuke, akaufunga. Alisema hawezi kumrudia bibi wa watu na pole tupu, kwamba atakwenda kwanza ofisini akapate magari ya maji, arudi kesho na jibu mkononi. Mpaka leo naamini hapo ndipo alipokosea, na yeye pia anaamini hivyo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ukishajikwaa ulimi usiondoke hapo.

Maana neno lilitutangulia. Tulipofika, mkuu wa kampuni alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu.

"Nasikia umeyanywa mwenyewe ukayasifu," alimwambia. "Kijiji kizima kinasema. Kesho asubuhi utaliambia hilo redioni, tumalize mambo."

"Ile ilikuwa shukrani," Msemaji alisema. "Haikuwa habari."

"Tofauti yake nini? Umesema au hukusema?"

"Nimesema. Na maji yana chumvi."

Mkuu alimwandikia sentensi mwenyewe, kwamba visima viko salama na mkurugenzi wa mawasiliano amekunywa maji ya visima hivyo. Kesho yake Msemaji alivaa viatu vyekundu. Aliingia studio, akaomba maji, akanywa, na akasema hewani kwa Kiswahili ambacho hata mimi sikupata cha kufuta: visima vya kijiji kile vimeingia chumvi, chumvi ni yetu, ukuta ni wetu, msinywe. Magari ya maji yalikwenda kabla ya jua kutua, kwa kuwa baada ya maneno yale kampuni haikuwa na pa kujificha. Ukuta ukajengwa upya. Na baadaye, kwa msukumo huohuo, bomba la maji safi likavutwa mpaka kijijini.

Yeye walimhamishia chumba kidogo karibu na stoo, wakampa cheo cha mshauri na hawakumwomba ushauri hata siku moja. Walimpiga marufuku kukanyaga kijiji kile. Nilimhimiza aende kwa siri, walau siku ya mapumziko, akamwone yule bibi.

"Nitakwenda kama nani?" aliniuliza. "Kampuni imenikataza kusema kwa niaba yake."

"Kama wewe."

Akabadilisha viatu. Baada ya muda alistaafu mapema na kuhamia Junju, akalima mihogo, akafuga kuku. Siku ya kumuaga aliandaliwa kipaza sauti na akakataa kukishika. Nilifikiri hadithi yake imeishia hapo, na niliona imeishia vizuri.

Mwaka huu alinipigia simu. Simu zake ni fupi kuliko taarifa zake.

"Mmalindi, mwanangu anataka kuoa. Nataka uwe mshenga."

Nilimwambia mimi ni Muislamu, kadzama ya tembo nitaibebaje. "Ndugu yangu ataibeba," alijibu. "Wewe utabeba maneno." Nikauliza tunakwenda wapi. Akanitajia kile kijiji cha visima vya chumvi, na hapo nikajua.

Kijana wake alikuwa amependana na muuguzi mwenzake, msichana mpole, na msichana huyo amelelewa na bibi yake katika mji ulio karibu kabisa na ukuta wa bwawa. Ndugu wa Msemaji alishakwenda mara moja. Bibi alimkaribisha kiti, lakini maji hakuleta, na bila maji mazungumzo hayaanzi. Aliketi hata akachoka, akaaga. Bibi alimsindikiza na neno moja: mjukuu wake haendi katika nyumba ya watu wanaosifu maji ya chumvi. Msichana alikuwa amesema wazi kwamba bila ya baraka za bibi yake haolewi. Kijana alikuwa amekonda.

"Lakini ulisema redioni," nililalamika. "Dunia nzima ilisikia."

"Yeye hakuniambia nikaseme redioni. Kwake nilisema uani."

Kwa desturi mama wa kijana haendi kwenye posa. Hukaa nyumbani akasubiri habari. Tulipomfuata kumwambia tunaondoka tulimkuta amekwisha kaa garini, amevaa kanga, na miguuni ndara. Ndugu yake alitaka kubisha. Nilimwashiria anyamaze, kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi kumwona Msemaji akienda kazini na ndara.

Bibi amezeeka sana sasa, ila makuti bado anasuka. Tulikaribishwa viti. Kadzama ikawekwa chini. Mjukuu alichungulia dirishani na kutoweka. Nilitoa salamu zangu zote, za Kimalindi, ndefu, nikamsifia mji wake na makuti yake. Bibi alinisikiliza kwa heshima. Maji hayakuja. Mfereji wa lile bomba la maji safi ulikuwa palepale pembeni ya nyumba, unadondoka, na hakuna aliyeusogelea. Niliishiwa na maneno, mimi, na ndugu wa Msemaji alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Ndipo Msemaji alipoinuka kitini. Alikwenda akaketi chini, kwenye makuti, mbele ya yule bibi.

"Hawe, naomba maji," alisema.

Bibi hakuacha kusuka. "Ya mfereji au ya kisima?"

"Ya kisima."

Mikono ya bibi ikasita. Alimwita mjukuu, akamwambia achote. Msichana alileta maji kwa kata ya kifuu, na nusu ya kijiji, naapa, ilikuwa imeegemea ua. Msemaji aliipokea kwa mikono miwili, akanywa, akamaliza, akarudisha. Nilimwona akifungua mdomo, na kwa dakika ile niliogopa adabu ya babake kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

"Ahsante hawe," alisema. "Maji yako yana chumvi."

"Na siku ile?"

"Siku ile yalikuwa machungu. Nikakwambia matamu, kisha nikaondoka, na sikurudi. Sikutumwa na mtu kuja kusema haya. Naona haya mbele yako, na nimekuwa nikiona haya miaka yote."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Mimi niliyemjua mtu huyu kwa viatu vyake sikujua pa kutazama. Bibi alimwangalia kama alivyomwangalia mara ya kwanza.

"Nilijua yana chumvi wakati nakupa," alisema. "Nilitaka kusikia utasema nini." Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Nyie, wageni wamekauka. Leteni maji. Na mkeka."

Msichana alitoka mbio na jagi, akanianzia mimi kwa kuwa ndiye mshenga. Nilikunywa yote. Shukrani ilikuwa tayari ulimini, ile ya kusifu, nikaimeza, nikamgeukia Msemaji aliyekuwa bado ameketi kwenye makuti, bega kwa bega na bibi.

"Sema tu, Mmalindi," aliniambia huku akijifuta uso kwa kanga. "Hayo ni ya mfereji."